Kadi za Bi Droo na Lugha ya Chatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiona njia. Miaka kumi na moja nimekaa katika chumba cha kumbukumbu cha benki ya damu, mimi nikitazama ukuta na ukuta ukinitazama. Asubuhi Daktari Mkuu ametangaza kwamba hospitali itateua Mkuu wa Kumbukumbu. Atakayeteuliwa atapewa chumba cha ghorofani chenye dirisha la barabarani na kiti cha kuzunguka. Kile kiti nakifahamu. Nimekikalia kwa siri wakati wa chai. Msukumo mmoja, mizunguko miwili na robo.

Wa kuteuliwa tuko wawili tu. Mimi, na mama mtunza kadi ambaye hospitali nzima inamwita Bi Droo. Ana miaka hamsini na nane na makabati manne ya mbao, na ndani ya droo zake mna kadi ya kila mchangia damu wa mji huu. Elfu mbili mia moja na ushee. Akiulizwa habari za mtu hakimbilii droo. Anafumba macho, anataja droo ya ngapi, kisha ndiyo anaifungua. Watu wanasema ni kipaji. Mimi nasema ni maringo.

Mpango: niingize kadi zote kwenye kompyuta, niandike programu itakayomtafuta mtu kufumba na kufumbua. Daktari Mkuu ataniona mimi. Bi Droo atabaki na mbao zake.

Kikwazo ni kimoja. Sijui kuandika programu. Nimemwambia Daktari Mkuu kwamba nimeshaanza. Akauliza nimefika wapi. Nikamjibu, pazuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wa mke wangu anafundisha kompyuta chuoni. Nimemwomba anipe masomo, nikasema ni kwa ajili ya kunoa akili tu. Shemeji akanitazama kama anavyonitazama tangu siku ya posa. Amekubali kwa sharti moja: nisimuulize kitu kabla ya kukijaribu mara tatu mwenyewe.

Lugha ya kuanzia, kwa maelezo yake, ina jina la nyoka. Chatu. Mke wangu alikuwa anapiga pasi pembeni. Akasema nyumba hii ina mende, ina panya, na ina mimi mumewe. Chatu hamtaki.

Somo la kwanza: kuiamuru kompyuta iandike salamu. Nimejaribu mara ya kwanza, ikakataa kwa maandishi mekundu. Nilikuwa nimesahau mabano. Mara ya pili, alama za kunukuu. Mara ya tatu ikaandika: Shikamoo Mkuu.

Nilikaa pale nikiyatazama yale maneno mawili. Maishani nimewaagiza watu mengi. Watoto, wahudumu, fundi bomba. Hakuna aliyewahi kunitii herufi kwa herufi.

Kisha Shemeji akaniambia niiamuru ijumlishe namba zote kuanzia moja hadi milioni. Nikacheka, nikamwambia basi tunywe chai kwanza tukisubiri. Nikabonyeza. Kabla sijaondoa kidole jibu lilikuwa limeshafika. Chai sikuitaka tena. Nikairudia ile amri mara tano, nikitegea nione hesabu inapita wapi. Sikuona kitu. Shemeji, ambaye hajawahi kunionea huruma, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe siku ya kwanza alilia.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya aibu. Juzi nilibandika kikaratasi kwenye kioo cha bafuni ili nisisahau ratiba ya masomo. Kilisomeka hivi: "Jumanne, masharti. Jumatano, kitanzi. Baada ya hapo nitakuwa huru."

Masharti ni amri za "ikiwa"; kitanzi ni lile fundo la amri linalozunguka, mashine ikirudia kazi mpaka uiambie basi. Ndivyo wanavyoliita. Mke wangu hakuambiwa hivyo.

Nimerudi kazini nikakuta kamba za kuanikia nguo zimeondolewa uani. Mkanda wangu wa suruali hauonekani. Sebuleni yuko kaka yangu mkubwa, fundi seremala, ambaye hajawahi kuacha karakana siku ya kazi isipokuwa kwa msiba. Akanikalisha. Akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa darasa la pili.

"Mdogo wangu," akasema, "hata kama kazini wamekudharau, mimi nakuhitaji. Nani atanisumbua nikikukosa wewe?"

Nikamweleza kitanzi. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha. Nikaiamuru iandike jina lake mara elfu moja. Likateremka kwenye skrini kama maji. Kaka akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akauliza kama mashine haichoki. Nikamwambia haichoki. Akauliza kama hailalamiki. Nikamwambia hata kidogo. Akatikisa kichwa muda mrefu, akasema ana mafundi wanne na hajui kama awaambie.

Mkanda nimerudishiwa. Mke wangu amenuna, lakini ameniwekea nyama mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Sikupaswa kujaribu kitanzi ofisini. Nilitaka kutoa karatasi moja tu yenye cheo changu kijacho, nione kitakavyokaa mlangoni. Nikaandika amri, nikaituma kwa printa, nikasahau kuweka lile neno la basi.

Printa yetu ni moja, iko kwenye korido. Niliposikia haisimami nikadhani ni mtu mwingine anafanya kazi. Nikasema moyoni, hawa watu wanachapa sana. Nilipotoka karatasi zilikuwa zimefika mlango wa maabara. Mia tatu na arobaini, kila moja na maneno MKUU WA KUMBUKUMBU na jina langu chini yake.

Bi Droo alikuwa ameinama akiziokota. Hakucheka. Nilitamani acheke nipate sababu ya kukasirika. Akasema upande wa nyuma ni safi, atazikata ziwe kadi mpya. Sasa kila mchangia damu mpya wa hospitali hii ataandikwa nyuma ya jina langu.

Jumatatu, 24 Machi

Kuingiza kadi peke yangu ni mlima. Nimebuni hila. Nimemwambia Bi Droo kwamba uongozi unataka kadi zikaguliwe kama zinasomeka, hivyo anisomee moja moja kwa sauti. Yeye anasoma, mimi nachapa kimyakimya. Nimejisifu siku nzima. Jioni, akifunga droo, akaniuliza kama na namba za simu nimezipata zote au azirudie zile alizosoma haraka. Anajua. Alijua tangu kadi ya kwanza. Sijui kwa nini ananisaidia. Lazima kuna njama.

Jambo jingine sikulitegemea. Hasomi kadi tu. Akifika kwa fundi viatu wa kona ya sokoni anasema huyu alianza kuchangia mwaka aliofiwa na mkewe, na tangu hapo hajakosa. Huyu mwalimu mstaafu wa hesabu huzirai akiona sindano, na huja hivyo hivyo. Huyu dada alikuja mara moja akalia, akasema anadaiwa damu na mtu asiyemjua. Kadi mia tatu na hamsini kwa siku, na kwa kila moja ana neno. Vidole vyangu vilikuwa vinasimama bila ruhusa yangu.

Tatizo dogo la kiufundi: kitufe cha herufi O kwenye kibodi yangu kimekwama tangu siku nilipokimwagia chai. Ukikibonyeza hakitoki kitu, ukikigonga zinatoka O saba. Kwenye majina nagonga na kufuta, maana jina la mtu lina heshima yake. Kwenye kundi la damu nimeweka sifuri. Umbo ni lile lile. Mwenye macho hawezi kuona tofauti.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemaliza. Kadi 2,140. Za mwisho kumi na tisa nimeziingiza bila Bi Droo, maana alikuwa mapumzikoni siku tatu kwa ajili ya mgongo. Ni za watu waliojiandikisha kwenye zoezi la sokoni. Nimezirundika juu ya kabati, atazipanga mwenyewe akirudi.

Programu inafanya kazi. Unaandika kundi la damu, inakupa majina, simu, na tarehe ya mwisho mtu kuchangia. Waliochangia ndani ya miezi mitatu iliyopita inawaruka yenyewe. Nimejaribu A, nimejaribu B, nimejaribu O kwa sifuri yangu. Wote wamekuja mbio. Pale asipopatikana mtu, nimeiambia iandike: HAKUNA MTU KAMA HUYO DUNIANI. Nimeona ina uzito.

Shemeji amesema kabla ya kuionyesha popote nimpe mtu asiyenipenda aichezee. Nimemwambia mtu wa namna hiyo hayupo. Akasema atajitolea. Nimekataa kwa upole.

Onyesho ni Alhamisi ijayo mbele ya Daktari Mkuu, kwenye kompyuta yake mpya. Nimenyoosha shati la bluu.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika polepole.

Saa nne asubuhi tulikuwa chumba cha mikutano. Daktari Mkuu, wauguzi wakuu wa wodi, watu wa maabara, Bi Droo kwenye kiti cha nyuma. Nikaandika A chanya. Majina yakajaa skrini, watu wakaguna kwa mshangao. Nikaandika B hasi, yakaja saba. Daktari Mkuu akasogeza kiti. Nilikuwa naona dirisha. Nilikuwa naisikia hata ile barabara yake.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi wa wodi ya wazazi, glavu mkononi. Mama amejifungua, damu haikatiki, ni O hasi, na kwenye friji imebaki chupa moja. Daktari Mkuu akasimama huku akinigeukia.

"Haya, tafuta," akasema. "Leo ndiyo kazi yake."

Nikaandika O hasi. Kibodi yake ni nzima, O ilitoka moja, nzuri, ya duara. Nikabonyeza.

HAKUNA MTU KAMA HUYO DUNIANI.

Nikabonyeza tena. Mashine haichoki, nilimwambia kaka hivyo. Ikarudia kwa utiifu ule ule. Yule muuguzi alikuwa anaisoma skrini, midomo yake ikifuata maneno. Sitausahau uso wake.

Bi Droo akasimama nyuma. Akafumba macho.

"Wapo kumi na mmoja," akasema. "Wanne walichangia mwezi jana, tusiwaguse. Wawili wamehama. Mmoja ana mimba. Wanabaki wanne. Fundi viatu yuko karibu, mpigieni yeye kwanza."

Hakufungua droo hata moja. Alitaja namba za simu kama mtu anayetaja majina ya wanawe. Wakapiga. Fundi viatu akasema anakuja, anafunga kibanda. Mwalimu mstaafu hakupokea. Wa tatu alikuwa na homa. Wa nne yuko safarini. Daktari wa wazazi akatuma neno kwamba anahitaji watu wawili, na asiambiwe kesho.

Mimi nilikuwa nimetoka koridoni na simu sikioni. Shemeji alikuwa darasani, akapokea. Sikumwambia nimejaribu mara tatu. Nikamwambia kuna mtu anakufa. Sauti yake ikabadilika. Akaniambia nirudi kwenye kompyuta yangu nimsomee kilichomo kwenye faili, alama kwa alama. Nikasoma. Sifuri, hasi. Sifuri, hasi.

"Unasema herufi au namba?"

Nikamwambia umbo ni lile lile.

"Shemeji," akasema, "kwako wewe hizo ni pacha. Kwa mashine, moja ni ng'ombe na nyingine ni meza."

Akanitajia mstari mmoja wa kubadilisha kila sifuri ya kundi kuwa O. Nikaugonga kile kitufe kilichokwama, zikatoka saba, nikafuta sita. Kwa haraka, mabano niliyasahau kama siku ya kwanza. Kisha ikakubali.

Wakaja wanane. Saba ni wale wale aliowataja Bi Droo, hata waliohama na mwenye mimba, maana hayo mashine haiyajui. Na wa nane, mtu ambaye hakumtaja: dereva wa gari la taka, amejiandikisha sokoni, wiki ile mgongo ulipomlaza mama wa watu. Kadi yake ilikuwa bado juu ya kabati kwenye ule mrundo wangu, ambao nilisahau kumwambia. Nikapiga. Akapokea katikati ya kelele. Nikamweleza. Akauliza aje na gari au aliache. Nikamwambia njoo na chochote.

Gari la taka limesimama mbele ya mlango wa hospitali saa tano na nusu. Amepimwa, amelala kitandani na ovaroli yake, ananuka mji mzima, na kitanda cha pili fundi viatu, gundi kwenye vidole. Nimesimama mlangoni nikiwatazama. Yule dereva hakuwa ananijua wala mimi simjui. Mstari mmoja nilioandika, wenye maneno yasiyofika kumi, ulikwenda ukamtoa mtu barabarani ukamleta hapa. Na yule mama, Bi Droo, alimleta mwingine bila kuandika chochote. Sijui kipi kinanishangaza zaidi. Nikakaa kwenye ndoo.

Saa nane wamesema damu imekatika. Mama yu hai. Mtoto ni wa kike, kilo tatu kamili.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepita wodi ya wazazi, nikijifanya natafuta saini. Mama yule amelala, rangi imeanza kumrudia. Mumewe alikuwa kando, akaambiwa mimi ni yule wa kompyuta. Akanishika mikono yote miwili. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kupokea shukrani zote. Kisha nikamwona mtoto. Alikuwa ameshika kidole cha mama yake, amekikaza, kama mtu aliyeambiwa asikiachie na yeye hataki kukosea.

Nikamwambia kweli. Nikasema kwanza mashine yangu ilikana, na kosa lilikuwa langu, na aliyesimama ni mama mmoja wa droo. Nimejishangaa mpaka jioni.

Bi Droo nimemkuta akizipanga zile kadi kumi na tisa. Ya dereva wa taka ameishika muda mrefu, akaisoma mara mbili, akafumba macho kuihifadhi. Akaniambia huyu alikuwa amempita, na lau si ile mashine angempoteza. Akaomba nimwonyeshe inavyotafuta. Nikamwonyesha. Akaitazama ikichambua kadi elfu mbili, akaweka mkono kifuani, akasema ametumia miaka thelathini kujifunza jambo hilo, na leo ameliona likifanywa na kitu kisichomjua mtu hata mmoja. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa bahari.

Nimemtengenezea chai, nikaiweka mbali na kibodi.

Jumatano, 16 Aprili

Uteuzi umetoka. Mkuu wa Kumbukumbu ni Bi Droo. Daktari Mkuu amesema kumbukumbu bila kumbukumbu ni makaratasi. Mimi nitakuwa msaidizi wake wa upande wa mashine. Nimepiga makofi kama watu wengine, labda kwa nguvu kidogo kuliko inavyofaa.

Mchana ameniita chumba cha ghorofani. Meza yangu ilikuwa imeshapandishwa, imewekwa dirishani. Amesema mwanga unamuumiza macho, na kile kiti kinamtia kizunguzungu, nikichukue. Nimekizungusha mara moja tu, kwa adabu. Kisha akaniomba nimfundishe lugha ya Chatu. Somo la kwanza, jaribio la kwanza, mabano yako sawa, alama za kunukuu ziko sawa. Mashine ikamwandikia salamu. Akaiitikia kwa sauti.

Jumatatu, 28 Aprili

Kikao cha wakuu wa idara leo. Nimekwenda kumwakilisha Bi Droo, ambaye alikuwa anaandika kitanzi chake cha pili na hakutaka kusumbuliwa. Mkuu wa jiko akalalamika kwamba kila siku chakula cha wagonjwa ama kinabaki ama kinapungua, kwa kuwa hakuna anayejua kesho watakula wangapi. Chumba kikawa kimya. Ukimya huo ndio ulioniponza. Nikasikia mtu akisema kwamba programu ya kubashiri hesabu hiyo ipo na imekaribia kukamilika. Mtu huyo alikuwa mimi.

Daktari Mkuu akauliza lini. Nikasema Ijumaa. Mkuu wa jiko akauliza mashine itajuaje nani ataruhusiwa kwenda nyumbani na nani ataingia. Nikamwambia hayo aiachie sayansi. Imesemekana kutaundwa idara mpya ya takwimu, yenye chumba kona ya jengo. Madirisha mawili.

Shemeji simwambii bado, atanikatisha tamaa na majaribio yake. Nimefungua faili jipya. Nimeshaandika mstari wa kwanza, ule wa kumpongeza mtumiaji kwa kuchagua programu bora. Yaliyobaki ni madogomadogo.